Fundi Aliyepima Umeme kwa Taa za Pikapu

Sikuziona. Kwa miaka minne nimesema niliziona, kwa mdomo na kwa maandishi, mbele ya mkuu wa shule na kamati yake, na mara moja hata mbele ya paroko ambaye wala hakuwa ameniuliza. Nilisema nilikaa kwenye benchi la Fundi nikatazama pawa saplai kumi na mbili zikipimwa moja baada ya nyingine hadi ya mwisho. Niliona mbili. Zile kumi zilizobaki zilipokuwa zikipimwa, kama zilipimwa, mimi nilikuwa kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, nikila pilau.

Kwa uongo huo mwalimu mmoja kijana alibeba kosa la moto ambao huenda hakuuwasha. Nitafika huko. Kwanza nimweleze Fundi, kwa sababu bila kumjua yeye mtu hataelewa kwa nini mwanamke mwenye digrii mbili na miwani ya kusomea alidanganya kwa ajili ya boksi la bati.

Pawa saplai, kwa msomaji ambaye kompyuta haijawahi kumfia mkononi, ndilo boksi hilo. Linakaa ndani ya mashine kwa nyuma, lina feni, linapokea umeme wa ukutani na kuugawa katika vipimo vidogo ambavyo kompyuta inavimudu. Likiwa bovu linaweza kuonekana zima kabisa. Feni inazunguka, mita inasoma vizuri, muuzaji anatabasamu. Ubovu hujitokeza siku linapopewa kazi. Hayo alinifundisha Fundi. Jina lake sitalitaja. Bariadi mjini watamjua, na wengine inatosha wajue kwamba sisi tulimwita Fundi tu, na hakuna aliyewahi kuuliza fundi yupi. Alizaliwa wapi na kwa nani sijui. Niliwahi kumuuliza, akaniangalia juu ya miwani: "Mayu, unanichumbia?" Mayu ni mama kwa Kisukuma.

Kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, katikati ya mashine ya kusaga na fundi cherehani. Ukipita mara ya kwanza ungedhani ni gereji. Juu ya ubao mrefu alikuwa amepigilia taa nne za mbele za pikapu, zimekazwa kwa skrubu, zinakutazama kama ng'ombe wanne waliochungulia dirishani. Chini ya ubao kulikuwa na ndoo ya maji, na ndani ya maji vipande vya waya uliojikunja wa jiko la umeme, alivyovikata mwenyewe kwa urefu alioujua yeye. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara. Aliunganisha waya wa kijani wa pawa saplai na mweusi ili ijidhanie imo ndani ya kompyuta, halafu akaipa kazi. Taa zilikula umeme wa volti kumi na mbili, waya wa ndani ya ndoo ukala wa volti tano. Taa aliziwasha moja moja, kwa sababu balbu ikiwa ya baridi huvuta kwa pupa, na pawa saplai nzima inaweza kushtuka ikazima ukaisingizia ubovu.

"Nzuri inabeba bila kunung'unika," alisema. "Mbaya utaisikia inapiga mluzi. Mbaya zaidi hainung'uniki wala haipigi mluzi. Hiyo ndiyo ya kuogopa."

Siku moja alifika mtu wa Kasoli, mnunuzi wa pamba, amepaki pikapu yake mbele ya kibanda. Alizitazama zile taa nne kwa tamaa.

"Fundi, nifungie hizo mbili za kulia. Yangu imepofuka upande mmoja."

"Hizi hazifungwi kwenye gari."

"Sasa ni za nini?"

"Za kompyuta."

Yule bwana akacheka mpaka akashika boneti. "Kompyuta yako inasafiri usiku?"

"Inasafiri kuliko wewe," Fundi alijibu, "na bado haijagonga mbuzi wa mtu." Soko zima lilikuwa linajua habari ya mbuzi huyo. Yule bwana aliondoka na taa yake moja.

Mimi nami nilichekwa. Katika wiki za mwanzo za urafiki wetu nilitaka kuonyesha kwamba chuo kikuu hakikunipita bure, nikampelekea hita yangu ya kuchemshia maji ya ndoo, nikamwambia aitumie badala ya vile vipande vya waya vilivyokaa kama minyoo. Aliichukua kwa mikono miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea mtoto wa kubatiza. Akaiunga kwenye ule umeme wa volti tano, akanishika mkono, akautumbukiza ndani ya maji pamoja na hita.

"Unasikia joto?"

"Hapana."

"Na hutasikia hadi Yesu arudi. Hii imezoea umeme wa ukutani, mayu. Ukiipa volti tano inalala. Wewe ulisomea nini vile?"

"Fasihi."

"Ahaa," alisema kwa upole mkubwa. Tangu siku hiyo nikikosea jambo lolote, hata njia, alisema hivyo hivyo, "Ahaa", na watu wa pale walijua kwamba fasihi imetajwa.

Kitu nilichokipenda kwake ni kwamba aliyaona mambo yote kupitia pamba. Aliwahi kufanya kazi ya umeme kwenye kinu cha kuchambulia pamba, na huko alijifunza kuwa mtu anayeuza kwa uzito hana budi kutazamwa. Siku moja alifungua pawa saplai mpya, nzito, yenye maandishi ya dhahabu, akakuta ndani kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi. Hakikuunganishwa na kitu chochote. Kazi yake ilikuwa kuongeza uzito ili mnunuzi akiinyanyua aseme hii ndiyo yenyewe. Fundi aliita majirani waje waone.

"Kumbe na huko kiwandani wana wakulima!" alisema. "Hii ni pamba iliyotiwa mchanga." Kipande kile alikiweka juu ya meza, kikawa kizuizi cha karatasi, na kila mteja alihutubiwa.

Kutokana na pamba aliipata pia sheria yake kubwa. Kwenye mizani ya pamba mkulima hakai nyumbani. Anasimama kando ya mizani yeye mwenyewe, anatazama mshale, hata kama mpimaji ni shemeji yake, hasa kama ni shemeji yake. Fundi naye hakupima kitu bila mwenyewe kuwepo. Alikuwa na benchi fupi lililotazama zile taa. Mteja alikaa hapo nusu saa nzima, pawa saplai ikibeba, naye Fundi akiinusa kila baada ya muda, kwa sababu alisema pua ndiyo mita ya kwanza. Ikifaulu, aliifunga uzi mwekundu, ule wa kushonea magunia. Nakumbuka bwana mmoja wa ofisi, mwenye tai, aliyetaka kuacha mzigo wake arudi mchana.

"Mimi nina kikao, mzee."

"Nenda tu."

"Basi utanipimia?"

"Nikupimie nani akiona? Ukirudi nikikwambia nzima, utajuaje? Kaa, au beba."

Yule bwana alikaa, na tai yake. Nilikuwa pale na nilijaa fahari, kana kwamba sheria hiyo niliitunga mimi.

Lakini mtu huyo huyo, asiyeionea huruma mashine hata kidogo, hakuweza kumwambia binadamu neno "hapana". Hili nililijua, na niliona ni uzuri. Kulikuwa na bibi mmoja aliyeleta redio yake. Ilikuwa imekufa kabisa, Fundi alijua tangu siku ya kwanza. Bibi alikuja kila siku ya mnada, na kila mara Fundi alimwambia, "Bado kidogo, mayu, inakaribia." Miezi mitatu redio ikawa inakaribia. Mwishowe alimpa redio ya kwake, akamwambia ni ile ile, ila ameibadilisha ganda. Bibi akashukuru, "Wabeja gete!" akaondoka akiipapasa. Mimi niliandika makala nzima gazetini kulisifu tendo hilo. Nililiita ukarimu. Watu wawili waliniandikia kwamba walitoa machozi. Leo nikiisoma naona nilikuwa nimeandika ushahidi wa kesi, na sikuutambua kwa sababu ulikuwa umeandikwa vizuri.

Sasa zile kumi na mbili.

Sekondari niliyosoma, upande wa Kasoli, ilipata kompyuta za mitumba kutoka kwetu sisi tuliosoma pale. Kamati ilihitaji mwenyekiti, nikachaguliwa mimi kwa sababu ni mimi peke yangu ambaye sikuhudhuria kikao cha uchaguzi. Pawa saplai zake zilikuwa zimechoka, tukapata nyingine kumi na mbili, na mimi nikasema hazitaingia darasani bila kupita kwa Fundi. Mkuu wa shule, mtu mwangalifu, aliomba karatasi ya shahidi. Nikamwambia shahidi ni mimi.

Ilikuwa siku ya kipaimara. Nilifika kibandani saa mbili asubuhi nimeshavaa kitenge cha sherehe. Tukapima ya kwanza, nusu saa. Tukanywa chai. Tukapima ya pili. Nikaanza kuitazama saa, na yeye akaniona.

"Nenda kanisani, mayu."

"Na sheria yako?"

"Sheria ni ya wageni. Wewe ni wa nyumbani."

Sijui kama kuna tuzo ambayo ingenifurahisha kuliko hiyo. Miaka yote nilikuwa mwanamke wa vitabu anayeingilia mambo ya mafundi. Sasa nimekuwa wa nyumbani. Nilitembea hadi kanisani nikiwa mrefu zaidi. Na niseme ukweli, niliona kwamba kubaki pale kungekuwa ni kumkalia kama askari. Kwetu, ukimwamini mtu unampa mgongo.

Katikati ya misa kinanda kilinyamaza. Umeme ulikuwa umekatika. Kwaya ikaendelea kwa makofi, na sherehe nzima baadaye ikaenda bila muziki hadi alasiri. Nilirudi kwa Fundi saa kumi. Pawa saplai kumi na mbili zilikuwa zimepangwa mezani, kila moja na uzi wake mwekundu.

"Tayari," alisema.

Niliegemea ubao, kiganja changu kikagusa kioo cha taa moja. Kilikuwa cha baridi. Nilijiambia amemaliza mapema. Nilijiambia kanisa liko kwenye laini nyingine ya umeme na soko liko kwenye nyingine. Nilijiambia mengi kwa muda mfupi sana, halafu nikaenda nyumbani nikaandika: Nimeshuhudia kwa macho yangu pawa saplai zote kumi na mbili zikipimwa kwa mzigo, kila moja kwa nusu saa. Nikatia sahihi. Sahihi yangu ni nzuri, ina mkia.

Wiki ya tatu baada ya kompyuta kuanza kutumika, mashine moja ya safu ya pili ilitoa moshi, kisha moto, wakati wa kipindi. Mwalimu wa kompyuta, binti ambaye hata mwaka hakuwa amemaliza kazini, aliwatoa wanafunzi wote nje, akarudi peke yake kuzima swichi kuu, akaungua kiganja. Hakuna mwanafunzi aliyedhurika. Dari iliteketea pamoja na mashine tisa.

Kikao kilikaa. Fundi alikuwa upande wangu wa kulia, binti upande wa pili wa meza, mkono umefungwa bendeji. Mkuu wa shule alinyanyua karatasi yangu.

"Dada, hizi zote zilipimwa?"

"Zote."

"Na uliziona?"

"Kwa macho yangu."

Fundi aliangalia viatu vyake. Mimi nilikuwa namkinga, ndivyo nilivyoamini. Mtu aliyeniita wa nyumbani singeweza kumwacha aulizwe na kamati kwa nini nilikuwa sipo. Basi, kwa kuwa pawa saplai zilikuwa nzima kwa mujibu wa shahidi msomi, kosa likatafutwa kwingine, likaonekana. Binti alikuwa ameunganisha soketi mbili za kurefusha, moja kwenye nyingine, kama inavyofanyika katika kila ofisi niliyowahi kuingia. Barua ikaandikwa: uzembe. Akahamishiwa Lingeka, kwenye pamba na ng'ombe, mbali na kompyuta yoyote.

Tulipotoka nje Fundi aliniambia, "Wabeja, mayu." Hatukulizungumza tena. Niliendelea kupita kibandani, lakini benchi lilikuwa limeanza kuniuma mgongo, na baada ya mwaka mmoja macho yake yalipofifia akafunga, akahamia Kiloleli kwa dada yake.

Mwezi uliopita binti aliniandikia ujumbe kwenye simu. Shikamoo dada. Alikuwa ameomba nafasi ya mwalimu wa taaluma shuleni kwa mara ya pili, na kwa mara ya pili ile barua ya uzembe ilitoka kwenye faili ikamzuia. Anataka kukata rufaa. Je, ninaweza kukumbuka siku ile, Fundi alipima zote kweli?

Sikumjibu. Nilipanda gari la Kiloleli. Hesabu yangu ilikuwa rahisi na ya aibu: kama Fundi alizipima zote, basi uongo wangu ulikuwa wa adabu tu, kama kusema umeshiba. Nilichohitaji ni aniambie alizipima.

Nilimkuta amekaa nje ya nyumba ya dada yake, taa za sola za majirani zimemzunguka, anazitengeneza kwa kupapasa. Aliijua sauti yangu kabla sijamaliza salamu.

"Mwangaluka, mayu! Fasihi haijambo?"

Tulicheka. Tukaongea mvua, mpunga, macho yake. Kisha nikamweleza habari ya rufaa ya yule mwalimu, nikamuuliza.

"Fundi, zile pawa saplai za shule. Ulizipima zote?"

Aliweka chini bisibisi. "Si ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Unajua sikuwepo."

"Karatasi inasema ulikuwepo."

"Karatasi niliiandika mimi!"

"Basi unayajua ya ndani yake kuliko mimi," alisema, taratibu, bila hasira, kama mtu anayemkumbusha mgeni kilipo choo. "Mimi sikuandika kitu. Mimi hata sikusema kitu, mayu. Ulisema wewe."

Nilimtazama. Miaka minne nilikuwa nimemshikia mwavuli, na sasa ananiambia mvua ilikuwa yangu. Dada yake akaleta uji, tukanywa wote kwa heshima zote. Nilipoaga, Fundi aliuliza, "Yule mwalimu namba yake unayo?" Nikamsomea, akaiingiza kwa kidole kimoja, simu akiwa ameisogeza karibu na pua. Nilidhani anataka kumbembeleza aache rufaa. Nilirudi Bariadi na hasira ya mtu aliyeibiwa kitu ambacho yeye mwenyewe alikiiba.

Jumamosi mchana simu iliita. Alikuwa ni binti.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Fundi alinipigia jana. Ameniambia alipima mbili. Ya tatu ilikuwa kwenye taa umeme ukakatika, na hizo nyingine tisa hakuzigusa. Anasema aliona aibu kukurudisha mikono mitupu na shule inasubiri, akazifunga nyuzi. Anasema alitegemea ukirudi utamuuliza, na ungemuuliza angekwambia. Hukumuuliza."

"Na kwenye kikao?"

"Kwenye kikao anasema alikuwa amejiandaa kusema. Lakini ulitangulia wewe kusema uliziona. Akaona akikupinga atakuwa amekuvunjia heshima mbele ya watu, baada ya wewe kumtetea vile. Yuko tayari kuandika maelezo. Ila amesema ya kwake peke yake hayatafika mbali, maana ya kwako yako kwenye faili na yanasema uliona. Amesema nikuulize mwenyewe. Dada, uliziona?"

"Sikuziona," nilisema. Kisha nikaanza kueleza: kipaimara, kinanda, jinsi ambavyo mtu wa nyumbani...

"Dada," alinikatiza, kwa adabu ile ile ya shikamoo. "Hayo ya kipaimara usiyaandike. Andika hilo neno la kwanza ulilosema, utie sahihi. Jumatatu nashuka Bariadi kwa Afisa Elimu. Nitapita kwako kuichukua mwenyewe. Usimpe mtu aniletee."